Laptopu Kuukuu Inapochemka na Kuganda: Pima Kabla ya Kufungua

Laptopu ya miaka saba na kuendelea ikianza kuchemka na kuganda, wengi hukimbilia kununua feni ya kuwekea chini. Pesa hiyo isubiri. Mara nyingi kuchemka na kuganda ni matatizo mawili yaliyokutana kwenye mashine moja, na kutibu hili hakuponyi lile.

Pakua HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la prosesa. Iache mashine itulie dakika kumi usome nyuzi joto (Selsiasi), kisha ipe kazi nzito kwa dakika ishirini. Ikiwa imetulia, 40 hadi 55 si mbaya. Ikiwa kazini, 70 hadi 85 inavumilika. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 au 105. Zikifika huko hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda mashine inazima ghafla. Kwa hiyo joto kwa kawaida huleta uzito au kuzima. Ikiganda huku prosesa inasoma 60, na taa ya diski imewaka tu bila kupepesa, mshuku diski.

Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, tazama mstari wa "Current Pending Sector". Ukiona namba yoyote isiyo sifuri, hamisha mafaili yako siku hiyo hiyo. (Baadhi ya diski za Seagate huonyesha namba kubwa za kutisha kwenye "Read Error Rate"; hizo zisikusumbue.) Diski ikiwa mbovu, badala yake weka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka: ya SATA ya inchi 2.5 inaingia kwenye laptopu nyingi za zamani, kama ThinkPad T430. Diski ikiwa nzima, acha programu ya MemTest86 ipime ramu usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuilaumu. Jaribu kipande kimoja kimoja cha ramu ujue kibovu ni kipi.

Sasa joto. Chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15. Betri ikiwa imevimba, usiibane wala kuitoboa, badilisha. Kupuliza kwa nje kupitia matundu hakusaidii sana, kwa sababu vumbi baya limejishikiza ndani, kati ya feni na mapezi ya hitisinki (chuma kinachonyonya joto la prosesa), limeshikamana kama kipande cha blanketi. Mpaka uitoe feni ndipo utaliona. Litoe kwa brashi laini. Ukitumia blowa, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, maana ikizungushwa kupita kiasi beringi zake huharibika. Kompresa ya fundi matairi usiikaribie kabisa: upepo wake huja na maji na mafuta.

Skrubu za hitisinki mara nyingi zina namba. Kufunga ni 1, 2, 3, 4, kila moja kidogo kidogo. Kulegeza ni kinyume chake. Futa pesti iliyokauka, ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, inatosha. Chipu ya laptopu ni ndogo. Dawa ya meno, ambayo bado kuna watu wanaishauri, hukauka upesi na joto linarudi. Zile pedi laini zinazokaa juu ya chipu nyingine usizibadilishe kwa pesti, kwa sababu haiwezi kujaza nafasi iliyopo. Tafuta pedi za unene ule ule.

Funga, pima tena. Ikiwa feni inazunguka, mapezi ni baridi, na prosesa bado inasoma 95, basi hitisinki haijakaa sawa au bomba lake la shaba limekufa. Kaza upya kwanza. Isiposhuka, nunua hitisinki ya modeli hiyo hiyo.

Kama feni na hitisinki ni nzima lakini joto bado linakukera, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka "Maximum processor state" kuwa asilimia 99. Kwenye prosesa nyingi za Intel za zamani hiyo huzima Turbo Boost, yaani kasi ya ziada ambayo prosesa hujiongezea. Kasi inapungua, ila kwa kuandika na kuperuzi huenda usione tofauti.