Kwa Anayeanza Kuandika Maisha ya Jenerali

Anayeanza kuandika maisha ya jenerali huvutwa kwanza na vita, nami nilivutwa hivyo hivyo. Nilipokusanya habari za Jenerali David Musuguri, aliyekuja kuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania, rasimu yangu ya kwanza ilianza moja kwa moja na mizinga ya Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Ofisa mmoja mstaafu niliyemwomba aisome aliimaliza yote, akanirudishia karatasi zangu na kuniuliza: "Mwanangu, huyu mzee aliingia jeshini mwaka 1942. Miaka 37 kabla ya vita hivi alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na karibu yote ninayotaka kukueleza hapa nimejifunza katika kulitafuta jibu hilo.

Musuguri alizaliwa Butiama, mkoani Mara, Januari 1920, akajiunga na KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza ambalo wazee wetu walilitamka "keya", akiwa na umri wa miaka 22, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia Madagaska. Katika jeshi lile Mwafrika hakuwa na njia ya kupata kamisheni kamili, yaani kuwa ofisa kamili, hadi uhuru ulipokaribia. Hata cheo cha efendi, kilicholetwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa askari Waafrika wenye utumishi mrefu, kilimwacha mhusika chini ya ofisa wa Kizungu wa ngazi ya chini kabisa. Kwa hiyo unapokuta mtu wa kizazi hicho amekaa miaka mingi katika vyeo vya chini, usiharakishe kuandika kwamba alichelewa kung'ara, kwa maana kilichomzuia kilikuwa kanuni. Ni lazima uisome ngazi ya vyeo kama ilivyokuwa wakati ule, na usiipime kwa ngazi ya leo.

Jambo jingine lililonichukua muda kulitambua ni kwamba askari wa umri wake walivaa sare za majeshi matatu bila kuhama nchi. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, vikosi vya KAR vilivyokuwa nchini viligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, maasi yakaenea hadi Tabora, na serikali ikalazimika kuomba msaada wa wanamaji wa Uingereza ili kuwanyang'anya silaha. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ukiandika "alilitumikia jeshi kwa miaka 46" bila kueleza mabadiliko hayo, unamficha msomaji jambo zito kuliko yote: ofisa huyu aliwahi kuona jeshi zima likifutwa, na yeye akawa miongoni mwa waliojenga lililofuata. Sidhani kama unaweza kuielewa nidhamu aliyoitaka kwa askari wake baadaye bila kuuweka mwaka 1964 mbele ya macho yako.

Ninakushauri utengeneze jedwali kabla hujaandika sentensi ya kwanza, nalo liwe na safu za mwaka, cheo, wadhifa, mahali, mkubwa wake wa kazi na ukubwa wa kikosi alichokiongoza. Visanduku vitakavyobaki vitupu ndivyo vitakavyokuonyesha wa kumtafuta na la kumuuliza. Tenganisha cheo na wadhifa tangu siku ya kwanza, kwa sababu Meja Jenerali mmoja anaweza kuwa anaongoza divisheni mstari wa mbele wakati mwenzake wa cheo hicho hicho yuko makao makuu akishughulikia utumishi. Kosa ninalolikuta mara nyingi katika kazi za wanaoanza ni kumwita Musuguri Mkuu wa Majeshi wa wakati wa Vita vya Kagera. Wadhifa huo ulikuwa wa Jenerali Abdallah Twalipo, aliyeushika kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Musuguri alikuwa Meja Jenerali aliyepewa kuiongoza Divisheni ya 20, yenye brigedi kadhaa, ndani ya Uganda, na ukuu wa majeshi aliupata Novemba 1980, baada ya vita kwisha. Vilevile usiwalazimishe majenerali wote kupita njia moja. Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ, alipitia chuo cha maofisa cha Sandhurst nchini Uingereza na kukabidhiwa jeshi akiwa bado kijana, ilhali Musuguri alipanda kutoka kwa askari wa kawaida.

Sasa tuje vitani, kwa kuwa huko ndiko nilikokosea zaidi. Katika rasimu yangu kila kilichofanikiwa nilikuwa nimekiandika kwa jina la jenerali: jenerali aliteka, jenerali alizunguka, jenerali alivunja. Chukua mapigano ya Lukaya, nchini Uganda, ya tarehe 10 na 11 Machi 1979. Barabara ya kuelekea Kampala inapita hapo katikati ya kinamasi kikubwa, kwa hiyo jeshi halina nafasi ya kutawanyika. Jioni ya tarehe 10, Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wasio na uzoefu wa vita, ilikutana na kikosi cha askari wa Libya waliokuja kumsaidia Idi Amin, ikashtuka na kurudi nyuma bila mpangilio. Musuguri aliagiza brigedi hiyo ijipange upya, na papo hapo akaiamuru Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, igeuke na kuifikia barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya tarehe 11 adui alishambuliwa kutoka pande mbili, akavunjika.

Soma habari hiyo tena ukiwa na kalamu mkononi. Uamuzi wa kuigeuza Brigedi ya 208 ulikuwa wa kamanda wa divisheni. Kuifikisha brigedi hiyo usiku, kwa mwendo wa makumi ya kilomita, ilikuwa kazi ya kamanda wake, Mwita Marwa, pamoja na askari waliotembea. Kuwakusanya mgambo waliotawanyika gizani kulifanywa na viongozi wadogo ambao majina yao hutayakuta katika kitabu chochote. Na juu ya jenerali alikuwepo Amiri Jeshi Mkuu: uamuzi wa kuiacha wazi barabara ya mashariki ya Kampala mwezi Aprili, ili askari wa Libya wapate pa kuondokea, ulikuwa wa Mwalimu Nyerere, nao ulikuwa wa kisiasa. Utakapompa kila mmoja sehemu yake, jenerali wako hatapungua hata kidogo. Ataonekana akifanya kazi ya jenerali hasa, yaani kuamua mapema akiwa na taarifa pungufu, kisha kuwaamini walio chini yake.

Katika mahojiano, anza na vitu. Ukimuuliza mzee aliyepigana Lukaya alijisikiaje, atakujibu kwa heshima maneno mawili matatu, na mazungumzo yatakwisha. Ukimuuliza viatu vyake vilikuwa vya namna gani, walikula nini siku ile, gari la risasi liliwafikia saa ngapi, atakaa wima na kukusimulia mchana kutwa. Tarehe usimdai. Muulize kama ilikuwa kabla ya mji wa Masaka, Uganda, kutekwa au baada yake, nawe utaipata mwenyewe, kwa sababu Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari. Akikuambia kwamba jambo fulani hawezi kulisema, funga daftari juu ya jambo hilo, wala usijaribu kulizungukia kwa mlango mwingine. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inamhusu yeye na inakuhusu wewe pia, na mzee aliyeona umekiheshimu kiapo chake mara nyingi atakuita tena.

Miaka ya ukuu wa majeshi, 1980 hadi 1988, itaandikika kwa urahisi, maana kumbukumbu za hadhara ni nyingi. Itakayokutesa ni ile inayofuata. Mzee Musuguri alirudi Butiama na kuishi huko hadi uzeeni, akafariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Nilipohesabu nikakuta kwamba miaka yake ya kustaafu ni 36, karibu sawa na ile ambayo yule ofisa aliniuliza, nami nilikuwa nimeiandikia mistari minne. Sura hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi hivi sasa, na maswali yangu ya kwanza nimeyaandaa kwa ajili ya majirani zake.