Kutambua virai katika sentensi za Kiingereza: angalia kazi, si neno la kwanza

Mdogo wangu wa Iringa, umeuliza utatofautishaje kirai nomino, kirai kivumishi na kirai kielezi katika Kiingereza, ukasema kwamba wewe huangalia neno la kwanza tu. Kirai ni kundi la maneno linalofanya kazi moja katika sentensi bila kuwa na kiima na kitenzi chake. Nitakujibu kama ninavyowafundisha vijana wa masomo ya jioni hapa Mbeya. Neno la kwanza hukuonyesha umbo la kirai, lakini halikuambii kirai hicho kinafanya kazi gani katika sentensi.

Chukua sentensi hii: “The lorry from Tukuyu carried bananas to Uyole.” Kwa umbo, “from Tukuyu” na “to Uyole” vyote ni virai vihusishi, yaani vinaanza na kihusishi kama “from” au “to”. Hata hivyo, cha kwanza kinataja ni lori lipi, kwa hiyo kinafanya kazi ya kivumishi, ilhali cha pili kinaeleza ndizi zilipelekwa wapi, na hiyo ni kazi ya kielezi. Ukiwa na shaka, weka kiwakilishi: “It carried bananas to Uyole.” Utaona kwamba “it” imechukua nafasi ya lori pamoja na Tukuyu yake, kwa kuwa kiwakilishi hushika nafasi ya kirai nomino kizima, hakuna anayesema “It from Tukuyu carried bananas.” Kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Wengi hukwama kwenye virai vya “-ing”, nao hukwama kwa sababu hukariri umbo. Katika “Selling potatoes pays well”, maneno mawili ya mwanzo ni kiima, kwa hiyo ni kirai cha jerandi, yaani umbo la “-ing” la kitenzi linalofanya kazi ya nomino. Katika “The woman selling potatoes comes from Njombe”, maneno hayo hayo yanamfafanua mwanamke, yaani yamekuwa kivumishi. Ukiandika “She is selling potatoes”, ni sehemu ya kirai kitenzi, maana “is” ni kitenzi kisaidizi tu.

Kuhusu “to”, tazama kinachofuata: katika “He went to Mafinga to buy timber”, ya kwanza inafuatwa na nomino na ya pili inafuatwa na kitenzi, ingawa virai vyote viwili ni vielezi kwa kazi. Usichanganye pia kirai na kishazi: “after the rain” ni kirai, ila “after the rain stopped” ni kishazi, kwa sababu kina kiima na kitenzi chake.

Zipo sentensi zenye majibu mawili halali. Katika “The trader called the farmer from Mbozi”, huenda mkulima ni wa Mbozi, au mfanyabiashara alipiga simu akiwa Mbozi. Maana ya kwanza ukiipima kwa kiwakilishi hubaki “The trader called him”; ya pili huwa “The trader called him from Mbozi”. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, taja maana uliyoichagua kabla ya kutaja aina ya kirai.