Wundanyi wikendi moja bila gari

Kutoka Mombasa hadi Wundanyi, mji ulio Milima ya Taita, yawezekana kabisa, Jumamosi waenda, Jumapili warudi, na gari lako huhitaji. Panda ile treni ya SGR ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ushuke Voi. Tiketi kata mapema, wikendi hujaa. Ukipenda barabara, mabasi ya Nairobi yapita Voi vilevile. Kutoka mjini Voi chukua matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Ukishapita Mwatate ni kona juu ya kona, mwenye kusikia kichefuchefu akae mbele na dereva.

Nina jamaa huko, njia hiyo naijua vizuri. Mchana nenda msitu wa Ngangao kwa bodaboda, ukiwa na kijana wa hapo wa kukuongoza. Milima ya Taita ina ndege wasiopatikana kwingine kokote duniani, na misitu iliyobaki ni vipande vidogo tu, kwa hivyo tafadhali tembea polepole na usiache hata karatasi ya peremende. Jumapili alfajiri panda Vuria, mita 2,208, ndiyo kilele kirefu cha Taita. Kukiwa kweupe waiona Kilimanjaro, na chini nyika ya Tsavo imetandaa.

Ila Juni hadi Agosti ukungu waweza kuficha kila kitu, na baridi yake sisi wa Mombasa hatujaizoea. Beba sweta nzito na viatu vya kufunga, si ndara. Jumapili usikawie kushuka, jioni matatu huwa chache.