Jibu: Nimeimba wimbo wa hausi, jina langu halipo

Habari dada. Nimekuelewa hivi: prodyuza wa Chicago alikulipa mara moja uimbe wimbo wa hausi (muziki wa dansi wa kielektroniki), hamkuandikiana, sasa wimbo umetoka kwa jina lake peke yake.

Anza kwa kupekua barua pepe na jumbe zenu. Je, ulisaini chochote, hata kwenye simu? Kwa sheria ya Marekani, kupokea malipo peke yake hakuhamishi hakimiliki. Lazima yawepo maandishi yaliyosainiwa. Kama hayapo, una nguvu ya kudai.

Usichanganye sauti na utunzi. Kama maneno au melodia ulitunga wewe, wewe ni mtunzi mwenza, na hilo lina mirabaha yake. Wengi hupotezea hapo.

Mtake prodyuza amwelekeze msambazaji wake (kampuni inayopeleka wimbo kwenye mitandao ya muziki) akuongeze kama msanii mshirikishwa, namba ya ISRC (namba ya utambulisho wa rekodi) ibaki ileile ili hesabu za wasikilizaji zisipotee. Usikubali kuandikwa “sauti za nyuma”. SoundExchange, wanaokusanya malipo ya redio za intaneti na setelaiti kule, huwapa wasanii wakuu na washirikishwa 45%. Waimbaji wa nyuma na wapiga vyombo hutengewa 5% tu. Kujisajili ni bure. Pesa za Spotify hazipiti huko, kwa hiyo asilimia yako hapo iandikwe kwenye mkataba na prodyuza.

Na tafadhali, tunza rekodi ghafi za studio zenye tarehe. Mwimbaji wa Marekani Martha Wash aliimbia kundi la muziki wa dansi C+C Music Factory mwaka 1990, video ikaonyesha mwanamke mwingine akichezesha midomo. Ilibidi aende mahakamani.