Mauzo ya duka na pesa za wakala: nifanyeje nisiporwe?

SWALI: Nina duka la vyakula Mbagala, Dar es Salaam, na humo humo nafanya uwakala wa pesa za simu. Mauzo ya siku hayapungui laki nane. Nafunga saa 3 usiku, nahesabu pale kaunta, halafu natembea na pesa hadi nyumbani. Jirani yangu kaporwa juzi akiwa anafunga makufuli. Nifunge kamera?

JIBU: Dada, pole kwa yaliyompata jirani. Kamera funga ukiweza, ila haimzuii mtu anayejua kwamba saa 3 unatoka na mkoba wenye mauzo ya siku nzima. Mporaji anafuata kiasi na saa. Vuruga hivyo viwili kwanza.

Anza na droo. Noti ya 10,000 ndiyo kubwa kuliko zote, hivyo haitoki kama chenji na haina kazi kwenye droo ya duka. Asubuhi weka laki moja tu: noti 4 za 5,000, 15 za 2,000 na 30 za 1,000, pamoja na sarafu 20 za 500, 25 za 200 na 50 za 100. Mteja akishapewa chenji yake, ile 10,000 idumbukize kwenye sefu papo hapo. Ukiiacha chini ya kikokotoo "kwa muda", ikifika jioni ziko thelathini na kila aliyepita kaziona.

Pesa za wakala zikae droo yake, zisizidi laki mbili. Kashi ikipanda na floti (salio la uwakala kwenye simu) ikashuka, nenda kanunue floti benki au kwa wakala mkuu mchana, na saa ya kwenda ibadilishe kila siku. Mtu usiyemjua akiuliza, "Milioni mbili naweza kutoa hapa?", mjibu kwamba unatoa hadi laki moja, basi. Huenda ni mteja wa kweli, na huenda anapima. Mteja wako wa kawaida anayetaka kiasi kikubwa akupigie mapema. Wahimize pia wanunuzi walipe kwa Lipa Namba, maana pesa iliyo kwenye simu haibebwi kwenye mkoba. Namba ya siri usiiandike kwenye daftari wala nyuma ya simu.

Sefu ndipo wengi wanapopoteza fedha yao. Chagua yenye mwanya wa kudumbukizia na bati lililopinda ndani ya mwanya huo. Kabla ya kulipa, tia noti, funga mlango, igeuze kichwa chini uitikise. Noti ikitoka, sefu hiyo iache dukani kwao. Usiifunge juu ya sakafu nyembamba ya saruji, kwa sababu mtaimbo mmoja unaing'oa na bolti zake. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 30, umwage zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Mwagilia siku 7, kisha fundi atoboe na kukaza bolti nne za milimita 12 kutokea ndani ya sefu. Zege hilo peke yake linakaribia kilo 260. Muuzaji asikae na ufunguo, na bandika tangazo linalosema hivyo.

Kuhesabu kufanyike chumba cha ndani, asubuhi kabla ya kufungua. Usiku pesa ibaki kwenye sefu, droo iache wazi na tupu. Kwenye makufuli ndipo pabaya zaidi: umeipa barabara mgongo na mikono yote ina kazi. Mtu wa pili asimame hatua chache kutoka mlangoni, akitazama barabara, taa ya nje ikiwaka. Ondoa pia mabango yanayoziba nondo za mbele, ili wapita njia waone ndani.

Wakija hata hivyo, toa kilichomo kwenye droo. Mikono ionekane, na sema kabla ya kusogea: "Nafungua droo." Usipige yowe wakiwa bado ndani, usiwafukuze. Wakiondoka funga mlango, piga 112, kisha piga huduma kwa wateja wazuie laini ya wakala kama simu imechukuliwa. Namba yake ya uwakala iandike leo na uiweke nyumbani, kwa sababu wataiuliza.