Fildi yangu ni wino wa printa na nywila tu, hivi nitaajirika kweli?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili nasoma teknolojia ya habari, nimepangiwa fildi miezi miwili kwenye ofisi moja na sa hivi wiki ya tatu inaisha sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa, kuriseti nywila za waliosahau na kuvuta nyaya. Wenzangu waliopata kampuni za kutengeneza apu kila siku wanaposti wanachofanya. Niache nirudi nikajisomee koding mwenyewe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache, angalau sio sasa. Najua zipo ofisi zinachukua wanafunzi kwa sababu ni mikono ya bure, na hilo linaniudhi sana, ila dawati ulilokaa wewe lina mafunzo ambayo chuo hakiwezi kukupa hata kikitaka. Chuoni programu ikigoma unakosa maksi wewe peke yako, hapo printa ikigoma yupo mtu amesimama nyuma yako anasubiri barua itoke na bosi wake anamwita.

Chukua mfano wa kila siku, mtu anakupigia anasema intaneti imekata. Wengi wanakimbilia kuzima ruta na kuiwasha. Wewe angalia kwanza anwani ya IP ya kompyuta yake, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kama inaanza na 169.254 mara nyingi maana yake kompyuta iliomba anwani kwa seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, ikakosa jibu ikajipa yenyewe, kwa hiyo kagua waya, swichi ya mtandao na hiyo seva kabla hujalaumu kampuni ya intaneti. Kama anwani iko sawa, pingi ruta ya ofisi, yaani itumie ujumbe mfupi wa kujaribu uone kama inajibu, ikijibu pingi anwani ya nje kama 8.8.8.8, na hiyo nayo ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, basi mshuku DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Huko kukata tatizo vipande vipande ndo ufundi wenyewe, na mtu anayetafuta kosa kwenye programu ya mistari elfu kumi anafanya hivohivo.

Hata nywila. Kabla hujariseti umehakikisha anayepiga simu ni nani? Matapeli wanaingia kwenye mifumo kwa mlango huohuo, wanapiga simu kwa sauti ya haraka wanajifanya ni bosi. Muulize supavaiza utaratibu wa ofisi ukoje, na kama haupo jitolee kuuandika, hiyo tayari ni kazi ya usalama wa mifumo.

Halafu usisubiri kupewa. Mwambie supavaiza, "naomba kitu kimoja kidogo nikimalize kabla sijaondoka." Inaweza kuwa skripti ya kuhesabu tatizo gani linajirudia zaidi kwenye tiketi, yaani kumbukumbu za matatizo yanayoripotiwa, au kujaribu kama bakapu zinarudi kweli. Hili la bakapu nalisema kwa uchungu maana nilipokuwa fildi niliendesha amri ya kufuta kwenye databesi nikasahau kuweka sharti la WHERE linalosema kipi kifutwe, jedwali zima likabaki tupu. Bakapu ya usiku ilikuwepo na ilikuwa imejaribiwa, ndo iliyotuokoa. Aliyenisimamia hakunifukuza, alinikalisha niandike hatua kwa hatua nilifanya nini na nini kingezuia, na tangu siku hiyo siandiki DELETE, amri ya kufuta, bila kuanza na SELECT, amri ya kuonyesha tu, yenye sharti lilelile nione kwanza rekodi zitakazoguswa.

Na logibuku yako, tafadhali, usijaze "nilisaidia watumiaji" siku arobaini mfululizo. Andika tatizo lilikuwa nini, ulikagua nini, chanzo kikawa nini, ulirekebishaje. Kwenye intavyuu ukiulizwa "tueleze tatizo ulilowahi kulitatua" jibu liko humo. Ila usiondoke na data za ofisi wala picha za skrini zenye majina ya watu.

Koding jifunze jioni. Ukifika mwezi wa pili wa fildi umeomba kazi ukanyimwa kila mara, hapo nenda kwa mwalimu anayesimamia fildi umweleze, umwombe akuhamishe.

SWALI: Kaka mimi fildi nimekosa kabisa, nimeandika barua hadi nimechoka. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, na wala sio uzembe wako, nafasi ni chache kuliko wanafunzi. Wakati unaendelea kuomba ingia kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuchangia. Pale kuna kazi halisi na watu halisi wanaosoma ulichoandika wanakurudishia urekebishe, na hakuna barua ya maombi. Jifunze Git vizuri kwanza, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, maana karibu kila timu utakayoikuta inaitumia. Tafuta programu unayoitumia mwenyewe, anza na kitu kidogo, labda maelezo yaliyopitwa na wakati au tafsiri ya Kiswahili iliyokosewa. Ukishazoea angalia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza wachangiaji wapya kwenye programu huria, imekuwepo tangu 2005 na kuanzia 2022 haiwabani tena wanafunzi peke yao, wanaoanza wengine wenye miaka 18 na kuendelea wanaruhusiwa na kuna posho. Ila kabla hujaanza kaulize chuoni kwako kama watakubali iwe badala ya fildi, na ukikubaliwa omba wakupe kwa maandishi.