Wasomaji Wanauliza: Japa Huanzia Wapi?

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, pokea salamu zangu kutoka komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi. Ninafanya kazi ya ghala katika duka la wafanyabiashara Wahindi, na kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, namkuta mama mwenye duka ameketi nyuma ya meza, mkono wake wa kuume umo ndani ya kifuko cha kitambaa, midomo inacheza lakini sauti haisikiki. Siku moja nilimwuliza, akanieleza kwamba anataja majina ya Mungu, tena akaniandikia mantra moja, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa, kwenye kipande cha karatasi. Tangu hapo nimesoma mengi katika simu na nimezidi kuchanganyikiwa: huyu anadai lazima mizunguko 16 kila siku, yule anasema bila guru, yaani mwalimu wa kiroho, ni kazi bure, na mwingine anaonya kwamba ukikosea matamshi utadhurika. Mimi nataka kuanza. Nishike lipi? — Kijana wa Katuba

JIBU: Mwanangu, karatasi uliyopewa na yule mama ina thamani kuliko yote uliyosoma katika simu, kwa sababu aliyekupa anaitumia mwenyewe kila siku na unamwona kwa macho yako. Anachokifanya kinaitwa japa, yaani kurudiarudia jina la Mungu au mantra kwa hesabu. Waliolelewa na rozari, au waliozoea kuvuta uradi kwa tasbihi, hawataiona ngeni sana. Mala, yaani tasbihi ya Kihindu, ina shanga 108, na kuzipitia zote mara moja ndio mzunguko mmoja. Juu yake kuna moja kubwa iitwayo meru, ambayo haihesabiwi wala hairukwi: ukiifikia, unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Kile kifuko huitwa gomukhi, maana yake mdomo wa ng'ombe, na kazi yake ni kuzisitiri shanga. Huvutwa kwa kidole gumba na cha kati. Kidole cha shahada hakizigusi.

Tuanze na hiyo mizunguko 16, maana ndiyo inayowavunja wengi. Ni nadhiri ya watu maalumu: wanafunzi waliopokewa rasmi katika jumuiya ya Hare Krishna, ambayo A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada aliianzisha New York mwaka 1966. Mantra yao ina maneno 16, na mizunguko 16 ya shanga 108 ni kuitaja mara 1,728, na hata aliyezoea hutumia kama saa mbili. Mtu anayepakua magunia tangu asubuhi akijitwika mzigo huo siku ya kwanza, wiki ya pili atautua na hatauinua tena. Mimi mwenyewe nilianza kwa pupa namna hiyo, nikaacha miezi mingi kwa aibu, na niliporudi nilirudi na mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja wa mantra fupi hauzidi dakika chache. Ushike huo bila kukosa siku, hata siku ya uchovu, kwa muda mrefu kabla ya kufikiria wa pili.

Kuhusu mantra ya kuchagua, Wahindu huangalia moyo wa mtu umeelekea wapi, na sura ya Mungu anayoipenda huitwa ishta devata. Anayempenda Shiva husema Om Namah Shivaya, na maneno hayo namah shivaya, yenye silabi tano, yamo katika utenzi wa Shri Rudram, ndani ya Yajurveda, moja ya Veda, maandiko ya kale ya Wahindu. Anayempenda Krishna anaweza kushika Om Namo Bhagavate Vasudevaya, yenye silabi 12. Kwa Rama ipo ya silabi 13, Shri Rama Jaya Rama Jaya Jaya Rama, lakini hata jina Rama peke yake linatosha: Gandhi alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mwenye kuogopa mizimu, yaya wao Rambha alimfundisha kulirudia, na akakaa nalo hadi uzeeni. Kama moyo wako haujaelekea popote bado, shika ile iliyo kwenye karatasi. Usiionje hii leo na ile kesho kama anayepita sokoni bila fedha.

Suala la guru halina jibu moja, na hapo ndipo wanaoandika katika simu wanapogombana bure. Zipo mantra ambazo kwa desturi hupokelewa kutoka kinywani mwa mwalimu, katika tendo liitwalo diksha, hasa zile za silabi za siri ziitwazo bija. Mantra ya Gayatri nayo, iliyo katika Rigveda, Veda nyingine, kwa desturi ya kale hupewa kijana anapovishwa uzi mtakatifu, ingawa siku hizi wengi huisoma bila ibada hiyo. Lakini majina ya Mungu yako wazi kwa kila mtu. Chaitanya, mtawa wa Kihindu aliyezaliwa Bengal mwaka 1486, aliyaimba pamoja na watu barabarani bila kuuliza wa tabaka gani, na katika beti chache zinazohesabiwa kuwa zake amesema kwamba kuyakumbuka hakuna masharti ya wakati. Kwa hiyo anza na jina, na guru, ukimhitaji, umtafute taratibu huku unaendelea.

Matamshi yasikutie hofu, ila yasikufanye mzembe pia. Sisi wa Kiswahili tuna bahati kidogo: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na katika Shivaya na Rama ndipo hasa Kisanskriti, lugha ya mantra hizi, kinaporefusha sauti. Kasoro yetu ni kuongeza irabu, mtu akasema Kirishina badala ya Krishna. Mwombe yule mama akutamkie polepole mara tatu nne, nawe umfuatize. Hilo litakufaa kuliko video ishirini.

Saa inayosifiwa ni brahma muhurta, inayoanza saa moja na dakika 36 kabla ya jua kuchomoza na kudumu dakika 48. Kwa Lubumbashi mwanzo wake ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, kwa kadiri ya majira. Ukiweza, vizuri, ukishindwa, teua saa nyingine isiyobadilika. Na kwa kuwa katika lupango, yaani uani kwenu, mnalala wengi, nong'ona kama mama wa duka. Namna hiyo huitwa upamshu, iliyo kati ya sauti kamili na kutaja moyoni. Vitabu huipandisha ile ya moyoni juu ya zote, lakini kwa anayeanza mawazo hutoroka upesi midomo ikifungwa. Yatatoroka hata hivyo. Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, inasema kila akili inapotanga irudishwe, na haikuweka idadi ya mara.

SWALI: Mala yangu ilikatika nikiwa katikati ya japa, shanga zikatawanyika sakafuni. Jirani anasema ni mkosi. Je, niache? — Mama wa Kampemba

JIBU: Mama, uzi unaovutwa kila siku huchakaa, hasa uzi wa pamba unaoingia jasho. Okota shanga zote, uzihesabu zifike 108, kisha uzitunge upya kwa uzi imara huku ukifunga fundo dogo kati ya ushanga na ushanga, ili siku utakapokatika tena uanguke mmoja tu. Wakati unasubiri uzi, hesabu kwa pingili: vidole vinne vina pingili 12, na kidole gumba kikizipitia zote mara tisa umetimiza mzunguko.